Reli ya maji ya Lynmouth, nyota tano

Mkifika Devon, Uingereza, pandeni hii kitu jamani, ni reli ya mteremkoni yenye mabehewa mawili yaliyofungwa pamoja kwa kebo, inaunganisha Lynmouth kule chini baharini na Lynton juu mlimani, ipo tangu 1890 na haili umeme wala dizeli, ni maji tu ya mto West Lyn, tenki la behewa la juu linajazwa, la chini wanamwaga, basi lile zito linashuka linamvuta mwenzake. Simama kibarazani nje usikie maji yanavyomwagika shwaaa. Mama mkwe wangu alikuwa analetwa hapa utotoni, kila kona anakuonyesha mafuriko ya Agosti 1952 yalipopita, walikufa watu 34. Foleni ndefu likizo za shule, ila panda nayo, kushuka pita kinjia cha miguu cha zigizagi.