Mabomba ya mji mdogo: yalipiwe kwa ankara au kwa kodi ya ardhi na majengo?

Gharama kubwa ya maji na majitaka haitokani na maji yenyewe. Mabomba, pampu na mitambo ya kusafisha hula fedha karibu zilezile hata wateja wakipunguza matumizi. Hapo ndipo ankara inapoyumba: watu wakibana, mapato hushuka, gharama hubaki palepale, kisha bei ya uniti hupandishwa. Aliyebana anajikuta akilipa zaidi kwa kila ndoo! Dawa ya kawaida ni tozo ya huduma ya kila mwezi, isiyotegemea kiasi cha maji, ingawa ikiwa kubwa humwelemea mwenye kipato kidogo.

Kodi ya ardhi na majengo hutulia zaidi, na hata mwenye kiwanja kitupu kilichopitiwa na bomba huchangia. Lakini haimsukumi mtu kuziba bomba linalovuja. Tena shule, nyumba za ibada na ofisi za serikali mara nyingi husamehewa kodi hiyo, ilhali maji zinatumia. Fedha zikishaingia mfuko mkuu, ni rahisi kuhamishiwa barabara.

Mimi ningeweka uendeshaji wote kwenye ankara. Kodi ningeiachia mifereji ya mvua, kwani maji hayo hayapiti kwenye mita ya mtu.