Umeme, haibridi au petroli: tunavyoyapanga magari kwa mnunuzi wa leo

Kabla hujaanza kutazama picha za magari, nenda pale gari litakapolala usiku uangalie kama kuna soketi. Orodha yetu inaanzia hapo. Mwenye soketi anapoegesha na asiye nayo hawafai kununua gari la aina moja, hata kama kipato chao ni kilekile na safari zao zinafanana.

Hesabu yake ni ndogo. Soketi ya kawaida ya volti 230 ikitoa ampea 10 hupitisha kilowati 2.3. Ukichaji kwa saa 10 unavuta uniti 23, yaani kilowati-saa 23. Kama sehemu ya kumi hupotea kwa joto, kwa hiyo betri inapokea uniti 20 na ushee. Gari dogo la umeme hutumia uniti 15 hadi 20 kwa kilomita 100, maana yake usiku mmoja unakupa kilomita 100 au zaidi, na watu wengi hawaendi umbali huo kwa siku. Asiye na soketi atategemea chaja za barabarani. Zile huchaji haraka, lakini uniti yake mara nyingi ni ghali kuliko ya nyumbani, na faida ya umeme huishia hapo.

Ili ujue kama umeme unakulipa, chukua bei ya lita moja ya petroli uigawe kwa bei ya uniti unayonunua. Gari la umeme linalovuta uniti 20 ukutani kwa kilomita 100, likilinganishwa na la petroli linalokunywa lita 7, linakuwa nafuu pale lita moja inapozidi bei ya uniti 3. Likilinganishwa na haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, inayokunywa lita 4.5, lita moja inabidi izidi bei ya uniti 4 na nusu. Rudia hesabu hiyohiyo kwa bei ya chaja ya barabarani, utaona jinsi jibu linavyoweza kugeuka.

1. Gari la umeme, kwa mwenye soketi

Hili tunaliweka juu bila kusita. Halina oili ya injini ya kubadilisha, halina plagi, mkanda wa taimingi, eksozi wala klachi. Pedi za breki hudumu miaka mingi kwa sababu mota yenyewe hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Ubaya wake ni kwamba breki isiyotumika hushika kutu, na pini zinazobeba kalipa, kile kifaa kinachobana pedi, hukwama. Mwambie fundi azifungue, azisafishe na kuzipaka grisi mara moja kwa mwaka. Matairi nayo huisha mapema kuliko ulivyozoea, maana gari ni zito na mota huvuta kwa nguvu zote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka.

Namba ya kilomita kwenye tangazo usiichukue ilivyo. Betri ya uniti 60 kwenye gari linalotumia uniti 17 kwa kilomita 100 hufika kama kilomita 350 kwenye karatasi. Safarini hutaanza na 100% kila mara, wala hutaki kufika na sifuri. Kati ya 80% na 10% una uniti 42, ambazo ni kama kilomita 250. Ukienda kilomita 120 kwa saa, upepo unaongeza matumizi hadi uniti 22 au zaidi, na zile 250 zinashuka hadi 190. Baridi kali hupunguza tena, mara nyingine kwa robo nzima au zaidi, kwani betri baridi hutoa nguvu kwa shida na kupasha joto ndani ya gari nako kunakula umeme. Hii 190 ndiyo namba ya kupimia safari zako ndefu. Chaja za kasi nazo hupunguza nguvu betri ikikaribia 80%, hivyo ni afadhali kusimama mara mbili kwa muda mfupi kuliko kusubiri ijae.

Muulize muuzaji aina ya betri. Ile ya lithiamu na fosfeti ya chuma, inayoandikwa LFP, huvumilia kujazwa hadi 100%, na watengenezaji wengi hushauri ijazwe kabisa mara moja kwa wiki ili kompyuta ya gari isome chaji sawasawa. Ile ya nikeli, manganizi na kobalti, NMC, hubeba umeme mwingi zaidi kwa uzito uleule, lakini kwa matumizi ya kila siku iachie kwenye 80% na uijaze tu siku ya safari. Kwa matumizi ya mjini tunapendelea LFP.

Soketi yenyewe isipuuzwe. Soketi za nyumbani hazikutengenezwa kubeba ampea 10 kwa saa 10 kila usiku. Vyuma vya ndani vikilegea, joto hupanda, plastiki hugeuka rangi ya kahawia, mwisho huyeyuka. Chaji nusu saa, kisha gusa plagi. Uvuguvugu si tatizo. Mkono ukishindwa kutulia juu yake, au ukisikia harufu ya plastiki, chomoa. Mwite fundi umeme avute waya wa peke yake kutoka kwenye bodi kuu, wenye kikata umeme chake na kinga ya umeme unaovuja. Ukifunga chaja ya ukutani ya ampea 32, ambayo ni kilowati 7.4, waya usipungue milimita za mraba 6, na uwe mnene zaidi kama umbali ni mrefu. Waya wa kurefusha uliozungushwa kwenye gurudumu lake usiutumie kabisa. Joto la mzunguko mmoja hukaa juu ya mwingine na waya huungua.

2. Haibridi ya kawaida, kwa asiye na soketi

Haichomekwi popote. Betri yake ndogo hujazwa na injini na kila unapofunga breki, ndiyo maana foleni za mjini haiziogopi: palepale gari la petroli linapopoteza mafuta, hii hutembea kwa mota. Toyota walianza kuiuza Prius huko Japani mwaka 1997, kwa hiyo mafundi wanaozijua na vipuri vyake si adimu.

Kwenye haibridi nyingi, kinachoua betri ni vumbi. Feni inayoipoza huvuta hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Filta ikijaa nywele na vumbi, betri huchemka na seli zake huanza kufa moja moja. Unaponunua iliyotumika, chomoa kifuniko cha tundu hilo uitazame filta. Ikiwa imeziba kabisa, jua mwenye gari hakuwahi kulifikiria, na omba betri ipimwe sehemu kwa sehemu kabla ya kukubaliana bei.

3. Petroli tupu

Anayetembea kilomita chache kwa mwaka, au anayepita mara kwa mara njia ndefu zisizo na chaja, hana sababu ya kuona haya kununua petroli. Bei ya kununua ni ndogo na tangi hujaa kwa dakika 5. Weka bajeti ya oili na filta kila kilomita 10,000 hivi, na kama injini ina mkanda wa taimingi, uliza ulibadilishwa lini. Kwenye injini nyingi, mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu, na hapo unatengeneza injini upya.

4. Haibridi ya kuchomeka

Tumeiweka chini kwa sababu wanaoinunua mara nyingi hawaichomeki. Betri ikiwa tupu, unabeba mamia ya kilo za mota na betri huku injini ndogo ikihangaika, na mafuta yanaliwa kuliko yalivyoandikwa kwenye tangazo. Inamfaa mtu mmoja tu: mwenye soketi, safari za kila siku chini ya kilomita 50, na safari ndefu za ghafla. Huyo akiichomeka kila usiku, atapata faida yake.

Gari la umeme lililotumika

Hili linaweza kukaa nafasi ya kwanza au ya mwisho, kutegemea betri. Nissan Leaf za mwanzo, zilizotoka kuanzia mwisho wa 2010, hazina mfumo wa maji wa kupoza betri, na zilizoishi penye joto zimechoka sana. Kwenye dashibodi yake kuna vijisanduku 12 vya afya ya betri. Cha kwanza hupotea betri ikiwa imepoteza kama 15%. Wapo wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ili vyote 12 virudi, kwa hiyo usitosheke na kuhesabu vijisanduku.

Lipime mwenyewe. Anza na chaji 100%, endesha kilomita 50, kisha soma wastani wa matumizi. Tuseme ni uniti 16 kwa kilomita 100, umetumia uniti 8. Chaji ikiwa imeshuka hadi 75%, gawa 8 kwa 0.25 upate 32. Hiyo ndiyo betri unayouziwa, hata kama kibandiko kinasema 40.

Halafu inama uangalie bamba la chini kama limebonyea au kukwaruzwa na mawe, na ufungue mlango wa chaji uone tundu ni la aina gani. CHAdeMO, CCS2 na GB/T haziingiliani, na adapta za chaji ya kasi hazifanyi kazi kwenye kila gari. Mwisho pima betri ndogo ya volti 12. Ikifa, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa, na wengi hudhani betri kubwa ndiyo imekufa wakauza gari kwa hasara.