TAHADHARI: Mama wa mashine ya "kupima homoni" na unga wake wa utumbo

Wapendwa, yule mama wa mashine anayepita kwenye vikundi vya akina mama ni TAPELI. Nasema wazi, atakayenuna anune.

Bi mkubwa, mama yangu, ana presha ya kupanda. Basi siku ile tuko sebuleni, yule mama wa mashine akamshikisha kifimbo cha chuma chenye waya ulioingia kwenye laptop. Hata dakika haijaisha, mashine ikalia pii, zikashuka kurasa za nyekundu na kijani: ini, figo, mifupa, mpaka homoni. Akaweka kidole kwenye mstari mwekundu, akashusha sauti: "Mama, aldosteroni yako iko juu. Ndiyo inafungia chumvi kwenye utumbo mpana. Ukuta wote umeganda chumvi, presha itashukaje?" Akatoa na picha kwenye simu, utumbo umeota ukoko mweupe kama birika lililochemsha maji ya kisima. Bi mkubwa akashika tumbo. Mimi nikashika simu, nikatuma shilingi 185,000 za kopo la unga wake wa kusugua utumbo.

Na msinicheke. Kabla ya kutuma nilichungulia intaneti, nikaikuta hiyo aldosteroni. Ipo! Inatengenezwa na tezi zilizo juu ya figo, inaziamuru figo na utumbo mpana zirudishe sodiamu mwilini, na ikizidi presha inapanda. Kila kitu kilifanana na maneno yake. Tena aliletwa na shangazi, na koti jeupe amevaa. Nani angekataa?

Bi mkubwa akaula ule unga, presha ikapaa, miguu ikaisha nguvu, akalazwa; wengine mlikuja wodini. Daktari alipoona lile kopo alitikisa kichwa. Chumvi haigandi ukutani, akasema. Utumbo mpana hupokea kama lita moja na nusu ya majimaji kwa siku na karibu yote huyarudisha mwilini. Sodiamu inapenya kwenye vijitundu vya seli, inasukumwa hadi kwenye damu, maji yanaifuata, potasiamu inatoka na choo. Aldosteroni inaviongeza vile vijitundu. Kwa hiyo ikizidi, chumvi inabaki mwilini na damu ndiyo inayopata taabu. Huko kwenye utumbo hakuna cha kusugua!

Kilichoniuma kuliko hela ni hiki. Nyuma ya kopo, kwa herufi za kutafuta na miwani, imeandikwa urukususi, ule mzizi mtamu (licorice). Kumbe ndiyo maana unga ulikuwa mtamu. Mzizi huo unazuia kimeng'enya kinachoikinga seli dhidi ya kotisoli, homoni nyingine ya mwili, halafu kotisoli inaingia na kufanya kazi ya aldosteroni. Sodiamu inabaki, potasiamu inakwisha, presha inapaa. Miguu ya bi mkubwa kuisha nguvu ilikuwa potasiamu! Yaani mgonjwa wa presha ameuziwa kitu kinachoiga homoni ile ile aliyoambiwa inashushwa.

Huyu mtu awekwe ndani. Arudishe hela za watu wote, mashine ivunjwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na hao wanaompokea kwenye vikundi kwa kamisheni nao waitwe. Sitaki kusikia "tumsamehe, ana watoto". Na mimi nina mama.

Dalili za utapeli? Alisema dawa za hospitali "zipumzike kidogo". Hela inaingia kwenye namba yenye jina la mwanaume tusiyemjua. Risiti hana. Anko alishika kile kifimbo kwa utani akaambiwa mji wake wa mimba uko salama, tukacheka, tukaendelea kunywa chai. Aldosteroni inapimwa maabara kwa damu, mara nyingi pamoja na renini (kimeng'enya cha figo kinachoichochea), si kwa kushika chuma.

Kopo ni jeupe, kifuniko cha kijani, halina namba ya usajili. Aliye nalo asilitupe, na mwenye presha aache kulila leo hii akapimwe potasiamu. Mnitafute inbox na ujumbe wenu wa malipo, tupeleke TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) na polisi kwa pamoja. Mara ya mwisho ameonekana upande wa soko la zamani, anajiita "dokta".