NexGard Spectra kwa mbwa wa Kampala: kinapofaa na kinapoishia

Mbwa wangu ana kilo 24, na kila mwezi anakula kidonge kimoja cha NexGard Spectra. Nitaendelea kumpa. Lakini wengi wanakinunua wakiamini ni dawa ya kila kitu, kisha wanalalamika wakiona tegu kwenye mavi ya mbwa. Kilichomo ndani ni dawa mbili. Afoksolana inaua kupe na viroboto. Milbemisini inaua minyoo michanga ya moyo, pamoja na michango, safura na minyoo-mjeledi walioko tumboni. Tegu hawamo.

Kuhusu minyoo ya moyo, elewa kwanza jinsi kinavyofanya kazi. Kidonge hakimzuii mbu kuuma. Mbu anaingiza minyoo michanga chini ya ngozi, nayo inachukua miezi sita hadi saba kukomaa na kuanza kuzaa. Jike anafika sentimita 25 hadi 30, na makao yake ni mishipa inayotoka moyoni kwenda mapafuni. Dozi ya leo inaua walioingia tangu dozi iliyopita, wakiwa bado wachanga. Wakishapita umri huo dawa hii haiwawezi tena, kwa hiyo mtu anayetoa dozi kila baada ya miezi mitatu amemwacha mbwa wazi. Katika nchi zenye baridi kali wengine husimamisha dawa msimu wa baridi, kwa sababu minyoo hawa hawakui ndani ya mbu joto likishuka chini ya nyuzi 14 hivi. Kampala na Entebbe hazina msimu huo. Ni dozi 12 kwa mwaka. (Yale mawingu ya wadudu wanaopanda kutoka Ziwa Victoria na kujaa kwenye taa za Entebbe hayahusiki, wale hawaumi. Anayehusika ni mbu wa kwenye mitaro na ndoo.)

Pima uzito kabla ya kununua. Pima mwili wako kwenye mizani, kisha panda tena ukiwa umembeba mbwa, utoe tofauti. Kidonge cha mbwa wa kilo 7.5 hadi 15 kina nusu ya dawa iliyomo kwenye cha kilo 15 hadi 30, na mbwa wengi wa mtaani wanakaa karibu na mpaka huo. Juu ya 30 kuna kingine kinachofika kilo 60. Usinunue kikubwa ukate vipande viwili: kiwanda chenyewe kinakataza. Mtoto wa mbwa awe ametimiza wiki nane na kilo mbili. Kina ladha ya nyama, wengi wanakitafuna kutoka mkononi, ila msimamie mpaka ameze, maana wapo wanaokificha shavuni na kukitema nyuma ya banda. Akitapika ndani ya saa mbili, mpe kingine kizima.

Mbwa aliyezidi miezi saba na hajawahi kupewa kinga apimwe damu kwanza. Sababu ni kwamba kama tayari ana minyoo wakubwa, damu yake inaweza kujaa watoto wao, na milbemisini ikiwaua wengi kwa mpigo mbwa anaweza kuishiwa nguvu na kuanguka. Omba kipimo cha haraka cha antijeni. Kinataka matone machache ya damu na majibu yanatoka kwa dakika. Kipimo hicho kinamtambua jike aliyekomaa, kwa hiyo kikisoma hana leo, rudia baada ya miezi sita, kisha kila mwaka. Kliniki nyingine zinatazama tone la damu kwa hadubini tu. Hiyo haitoshi, kwa sababu kuna minyoo wengine wa mbwa hapa Afrika Mashariki ambao watoto wao wanaogelea kwenye damu na kufanana sana na hawa, na hawakai moyoni. Mbwa asianzishiwe matibabu mazito kwa kuangalia hadubini peke yake. Matibabu ya minyoo waliokomaa ni sindano za ndani ya misuli ya mgongo, dozisaiklini ya wiki nne na miezi ya kumfungia asikimbie. Kinga ni nafuu mno ukilinganisha.

Sasa tuje kwenye chupa ya ivamektini, dawa ya sindano ya minyoo ya ng'ombe, kwa sababu kila ukilalamika bei ya kidonge kuna mtu atakuambia nenda Container Village, kwenye maduka ya dawa za mifugo Kampala, ukanunue chupa, utamchoma mbwa mwaka mzima. Fanya hesabu mwenyewe. Chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita. Kinga ya minyoo ya moyo inahitaji mikrogramu 6 tu kwa kilo. Mbwa wa kilo 20 anahitaji mikrogramu 120, yaani mililita 0.012. Chukua bomba la insulini la mililita moja, lile lenye mistari 100: mstari mmoja ni mikrogramu 100. Dozi nzima ya mbwa huyo ni mstari mmoja na kidogo. Hakuna mkono unaoweza kupima hapo, achilia mbali bomba la mililita tano ambalo muuza duka anakupa. Anachofanya mchomaji ni kutumia dozi ya ng'ombe, mililita moja kwa kilo 50, ambayo ni mikrogramu 200 kwa kilo. Mbwa wengi wanaistahimili, ndiyo maana watu wanaapa kwamba haina shida. Lakini mbwa wa ukoo wa koli (mbwa wa kuchunga kondoo) na chotara wake wapo wenye kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa kuingia kwenye ubongo, na kwao mikrogramu 100 tu kwa kilo zinatosha kuleta balaa: mboni zinapanuka, mate yanatoka, anayumba, haoni, kisha anazimia. Dawa ya kuitengua hakuna. Na baada ya hatari yote hiyo, sindano hiyo bado haikupi kinga ya kuaminika dhidi ya kupe.

Kwa upande wa kupe kidonge ninakisifu, ila kwa masharti. Kupe lazima aume kwanza ndipo anywe sumu, na kufa kunaweza kuchukua hadi saa 48. Utaendelea kuwaona wadogo wakitambaa kwenye manyoya, angalia waliojishika. Kama dawa inafanya kazi utawakuta wamekauka, miguu imekunjamana, na ukivuta wanatoka bila kushikilia. Tatizo ni kwamba vijidudu vya homa ya kupe vya aina ya erlikia vinaweza kuingia saa chache tu baada ya kuumwa, kabla kupe hajafa. Kwa hiyo ukaguzi wa jioni haukwepeki: kati ya vidole, ndani ya sikio kwenye mikunjo, chini ya mkanda wa shingo, kwapani na chini ya mkia. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja. Usimpake mafuta ya taa. Ufizi ukipauka, mkojo ukawa wa hudhurungi iliyokolea, au joto la mwili likapita nyuzi 39.5 akiwa ametulia, ni daktari siku hiyohiyo.

Wanaosema dawa imegoma, mara nyingi banda ndilo limegoma. Kupe wa kahawia wa mbwa anamshukia mbwa kunywa damu tu. Muda wake mwingi yuko kwenye nyufa. Jike aliyeshiba hapandi nyasi, anapanda ukuta, na anataga mayai maelfu kwenye ufa wa tofali au nyuma ya banzi. Toa magunia ya kulalia uyachome, mwaga maji yanayochemka kwenye nyufa, kisha ziba kwa saruji. Rudia baada ya wiki chache, maana mayai yanaanguliwa kwa awamu. Dawa za kuogeshea ng'ombe msimwagie mbwa kwa kukadiria na kifuniko cha chupa, na kama kuna paka nyumbani ndiyo kabisa.

Tegu ndiye pengo kubwa. Vipande vyake vinaonekana kwenye manyoya ya nyuma kama punje za mchele. Huyo anataka prazikwanteli, miligramu 5 kwa kilo. Nanunua vidonge vyenye prazikwanteli 50, piranteli na febanteli, kimoja kwa kilo 10, kila baada ya miezi mitatu. Anayewapa mbwa mapafu na maini mabichi ya mbuzi au kondoo afupishe iwe kila wiki sita, au bora zaidi achemshe: kuna tegu wa mbwa anayesababisha uvimbe wa maji kwenye ini la binadamu, na Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, wanamjua vizuri.

Mbwa mwenye kifafa asipewe kabla ya kuzungumza na daktari. Mwaka 2018 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari ya degedege kwa kundi zima la dawa za jamii ya afoksolana. Na dukani, kwa kuwa wengi tunauziwa kidonge kimoja kimoja, dai uonyeshwe boksi lenyewe: kiwango cha kilo, tarehe ya mwisho, na karatasi ya nyuma isiwe imetobolewa. Kilichokaa dirishani juani mwachie mwenyewe.