Maji ya kiwanja Chanika, Dar es Salaam: boza au mvua ya bati?
Boza, yaani lori la maji, la lita 10,000 linamfaa anayejenga, mradi awe na pa kumimina yote kwa mkupuo na njia ipitike. Masika yakikolea, lori linaishia barabara kubwa.

Kukinga mvua ya paa la bati kunalipa wakati huohuo. Mvua ya milimita 20 kwenye paa la mita za mraba 60 ni lita 1,200. Toa robo inayopotea, simtanki la lita 1,000 linakaribia kujaa. Maji ya dakika kumi za mwanzo mwaga, yana vumbi na mavi ya popo. Mdomo funika kwa wavu, mbu wasizaliane. Tanki likalie kitako cha zege: la lita 5,000 likijaa ni tani tano, na mchanga ukititia, bomba linakatikia kwenye koki. Juni hadi Septemba utamwita wa boza tu.