Mafuta ya kuchanganya kwenye chakula cha vifaranga vya sato: huku kwenye baridi nunua yapi?

Jaribu hivi kwanza. Chupa ya mafuta unayotaka kununua iache nje usiku mmoja wa Juni, uwe Uyole au Mufindi, kisha asubuhi iinamishe. Yakigoma kutoka, ujue kifaranga aliye kwenye maji ya baridi naye atapata tabu kuyasaga. Mimi niliacha mawese kwa kipimo hicho.

Namba moja naipa alizeti iliyokamuliwa karibuni. Kuna asidi ya mafuta iitwayo linoleiki ambayo sato hawezi kujitengenezea, na kwenye alizeti ya kawaida inakaribia asilimia 60. Zaidi ya hapo, mashine za kukamua zimejaa Iringa na Njombe, unasimama pale unaona yanatoka. Yaache siku mbili mashapo yatulie, chukua ya juu.

Soya inafuata. Linoleiki yake ni kama nusu, ina omega-3 kidogo ambayo alizeti haina, na haigandi. Ningeitanguliza, ila ya dukani hujui imekaa rafuni muda gani. Ukiipata mpya, chukua bila wasiwasi.

Mawese ya Kyela ni ya tatu. Hayachachi upesi, na kwenye maharage sina ugomvi nayo. Lakini karibu nusu yake ni mafuta ya kuganda, na linoleiki ni kama sehemu moja tu katika kumi. Mfugaji wa Kyela kwenyewe, kwenye joto, anaweza kuchanganya kiasi. Wa Tukuyu kwenda juu, hapana.

Mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi usichukue hata ukipewa bure. Yameungua, na yanamaliza vitamini E kwenye chakula.

Sasa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, maana hapa ndipo wengi tunapoliwa. Usipa mzuri unaleta protini pamoja na mafuta yenye omega-3, ndiyo maana alizeti inatosha kujazia. Kabla ya kulipa, pasua tumbo la wawili watatu. Nyama ikiwa na rangi ya kutu na harufu inakwaruza koo, mafuta yake yameshachacha. Niliwahi kununua gunia la bei nzuri mno, nikasaga lote bila kupasua hata mmoja. Vifaranga walionja wakatema, unga ukabaki unaelea hadi jioni.

Kipimo: vijiko viwili vya chakula kwa kilo ya mchanganyiko mkavu, ukiwa na usipa na mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) ndani. Mafuta yote kwa jumla yasipite asilimia 10 hivi. Ukiona utando unametameta juu ya maji, umezidisha. Baridi ikikaza sato anakula kidogo, basi punguza chakula chenyewe.

Bwawa moja la vifaranga halihitaji dumu la lita 20. Nunua lita moja moja, funika vizuri, weka kivulini. Chakula ulichokwisha kuchanganya kimalize ndani ya wiki.