Bushi za pini kwenye plau ya zamani: uzoefu wangu, Lubumbashi

Bushi hizi ni vipande vya bomba la chuma. Unavivisha pini nyembamba ya plau ili ijae tundu pana la mkono wa kuinulia wa trekta. Nimezitumia msimu mzima kwenye plau ya diski tatu ya Kategori 1, ikivutwa na trekta ya Kategori 2 (Kategori ni ukubwa wa viungo vitatu vinavyoshika plau kwenye trekta, viwili chini na kimoja juu), kwenye mashamba ya mahindi upande wa barabara ya Kasenga. Kwa haro nyepesi (zana ya kuvunja madongo) ninazipendekeza bila wasiwasi. Kwa plau hazitoshi peke yake.

Pini za chini za Kategori 1 zina unene wa milimita 22 na ya juu 19. Za Kategori 2 ni 28 na 25. Pengo hilo bushi hulijaza vizuri. Nunua zilizokerezwa. Zile za bati lililokunjwa na kuacha mwanya hupasuka upesi. Paka grisi kabla ya kuvisha, la sivyo kutu itazigandisha.

Tatizo kubwa ni upana. Kati ya pini mbili za chini, Kategori 1 ina milimita 683 na Kategori 2 ina 825. Ukitegemea bushi tu, kila mkono wa trekta unavutwa ndani kama milimita 71, unakaa mshazari, na pini inasukumwa upande mmoja. Udongo wetu mwekundu, kabla mvua hazijakolea, ni mgumu kama tofali. Pini ya 22 hupinda pale inapotokea kwenye fremu, na bushi haiisaidii chochote hapo.

Dawa ni kuhamisha pini za chini hadi upana wa Kategori 2. Karakana ilitengeneza, kila upande, mabamba mawili ya milimita 12 yanayoacha nafasi ya mkono wa trekta katikati, na pini mpya ya 28 ikapita kwenye yote mawili. Pini inayoshikwa pande mbili haipindi kirahisi kama ile inayoning'inia upande mmoja. Sisitiza matundu yatobolewe kwa drili. Ya moto wa gesi hutoka na umbo la yai, na pini huanza kucheza. Usikubali pini yenyewe ichomelewe: chuma chake kimekazwa kwa moto, na joto la kuchomelea hukifanya kikatike ghafla. Vijiti vya kuchomelea viwe vya aina ya 7018, vikavu, rangi na kutu vikwanguliwe hadi chuma king'ae. Waya wa ardhi ufungwe karibu na pale panapochomelewa, maana umeme ukipitia kwenye beringi za diski unazitoboa vishimo. Umeme wa mtaa ukishuka jioni, ahirisha kazi. Mshono utaonekana mzuri juu lakini haujaingia ndani.

Mlingoti wa juu, yaani nguzo ya plau inayoshika pini ya juu, ndio watu husahau. Kipimo cha Kategori 1 ni milimita 460 kutoka usawa wa pini za chini, cha Kategori 2 ni 610. Plau nyingi kuukuu hazifuati kipimo chochote, kwa hiyo pima yako. Mlingoti ukiwa mfupi, ukiinua plau mbele hupanda na mkia hubaki chini, diski ya mwisho inakwaruza barabara. Tuliuongeza, tukaweka mihimili miwili ya kuelekea nyuma ya fremu. Bila mihimili hiyo mlingoti utalala, kwa sababu wakati wa kulima mkono wa juu unausukuma.

Halafu magurudumu. Trekta kubwa ina nafasi pana kati ya matairi ya nyuma, na tairi la kulia likiingia kwenye mtaro uliokwisha kulimwa, diski ya kwanza hukata ukanda mpana mno. Kabla ya kuchomelea mabamba kabisa, yashikize kwa nukta chache, funga plau, pima kutoka ukuta wa ndani wa tairi hilo hadi diski ya kwanza, kisha sogeza fremu kulia mpaka ukanda wake ulingane na wa diski zinazofuata. Mabamba yakishachomelewa, marekebisho ni msumeno.

Baada ya hekta ya kwanza, kaza nati zote upya na upitishe kidole kwenye kila mshono ukitafuta ufa. Wetu mmoja ulifunguka kwenye mhimili wa kushoto. Ulikuwa umechomelewa juu ya rangi.